Mpigaji Ngoma Mbele ya Watahini: Uhakiki wa Onesho la Mwisho la Mwanafunzi wa Muziki kwa Kurejelea Ngoma za Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala hii inahakiki onesho la mwisho la mwanafunzi wa muziki ambaye ala yake ni ngoma, kwa kurejelea ngoma za Mbeya na Iringa. Uhakiki umeongozwa na swali moja: je, mtihani unaompima mpigaji mmoja unaweza kuufikia ustadi ambao kwa asili yake hukaa kati ya watu? Kwa kutumia mkabala wa Mulokozi (1996) unaoitazama fasihi simulizi kama tukio, pamoja na maandishi ya kiethnografia na ya kihistoria kuhusu Nyanda za Juu Kusini, makala inatetea hoja kwamba kasoro ya onesho la mwisho si kuitoa ngoma kijijini na kuipandisha jukwaani. Kasoro yake ni kumpima mpigaji kwa kile anachokisema na kuacha kile anachokiitikia. Mwishoni yametolewa mapendekezo ambayo idara yoyote ya sanaa inaweza kuyatekeleza bila kubadili mtaala.

1.0 Utangulizi

Neno ngoma katika Kiswahili hubeba angalau maana tatu zinazokaa pamoja bila kugombana. Ngoma ni ala iliyowambwa ngozi; ngoma ni uchezaji; ngoma ni mkusanyiko wenyewe, pamoja na sababu iliyowakutanisha watu. Anayesema kwamba jana usiku kulikuwa na ngoma hapaswi kueleza ni maana ipi kati ya hizo anayoikusudia, kwa kuwa kwa msikilizaji wake zote ni jambo moja. Mtihani wa muziki kwa vitendo, kinyume chake, hauna budi kuchagua. Kwa kawaida huchagua maana ya kwanza: ala, na mtu mmoja aliyesimama nyuma yake akiwa na namba ya mtahiniwa.

Uchaguzi huo huchukuliwa kuwa wa kiutawala tu. Chuo kinahitaji alama ya mtu mmoja mmoja, hivyo mtu mmoja mmoja hupimwa. Makala hii inauchukulia kuwa uchaguzi wa kihakiki, yaani hukumu kuhusu ngoma ni nini na ustadi wake unakaa wapi. Hukumu hiyo hutolewa kabla mtahiniwa hajapiga pigo la kwanza, na humwathiri katika muda wote wa maandalizi yake.

Suala hili lina historia ndefu katika nchi yetu. Katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Julius Nyerere alisikitika kwamba vijana waliosoma walifundishwa kucheza rumba na cha-cha-cha ilhali wachache walizijua, au hata kuzisikia, ngoma kama gombe sugu, mangala na kiduo. Tangu wakati huo jitihada kubwa imefanyika kuiingiza ngoma katika taasisi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kilianzishwa mwaka 1981. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira hufundisha muziki katika ngazi ya shahada. Swali la 1962 lilikuwa iwapo ngoma itafundishwa, nalo limejibiwa kwa kiasi kikubwa. Swali ambalo halijajadiliwa vya kutosha ni namna gani ngoma iliyofundishwa itapimwa.

Mbeya na Iringa zimeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, eneo hili lina mapokeo ya muziki yanayotofautiana kiasi cha kuuweka mtihani wa aina moja katika majaribu. Pili, vyuo vilivyotajwa hapo juu vipo nje ya Nyanda za Juu Kusini, hivyo kijana wa Rungwe au Kilolo anayekwenda kusomea muziki katika vyuo hivyo huibeba ngoma yake hadi mahali ambapo pengine hakuna wa kumwitikia. Majina Mbeya na Iringa yanatumika kwa maana pana ya kabla ya kuundwa kwa mikoa ya Njombe (2012) na Songwe (2016). Mtahiniwa anayezungumziwa katika sehemu ya 4.0 si mtu fulani. Ni mfano uliojengwa kwa ajili ya hoja, ili hatua za maandalizi zionekane kwa mfuatano.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Mulokozi (1996) anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha wa kijamii, na kutawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Ubora wa mkabala huu kwa uhakiki wa ngoma ni kwamba hauruhusu fani itenganishwe na watu walioisababisha. Utungo uleule ukitendwa mbele ya hadhira nyingine, kwa sababu nyingine, huwa umekuwa tukio jingine.

Katika uainishaji wake, Mulokozi anautaja pia utanzu wa ngomezi, yaani ngoma inayowasilisha ujumbe kwa mapigo badala ya maneno. Ngoma nyingi zinazochezwa Mbeya na Iringa si ngomezi kwa maana hiyo finyu, kwa kuwa mapigo yake hayawakilishi sentensi. Hata hivyo, dhana hiyo inatukumbusha kwamba ngoma ni mawasiliano, na mawasiliano yana pande mbili. Hapa ndipo makala hii inapochota istilahi zake mbili kuu: kusema na kuitika. Kusema ni pigo analolianzisha mpigaji. Kuitika ni pigo, au ukimya, unaotokana na kile alichokifanya mwingine: mwimbaji aliyerefusha mstari, mchezaji aliyebadili hatua, mpigaji wa ngoma kubwa aliyepunguza kasi.

Chernoff (1979), akiandika kuhusu upigaji ngoma nchini Ghana, alionesha kuwa mpigaji bora hutambulika kwa nafasi anazoziacha ili mapigo ya wenzake yasikike, zaidi ya wingi wa mapigo yake mwenyewe. Agawu (2003) naye ameonya dhidi ya tabia ya kuzungumzia muziki wa Afrika nzima kana kwamba ni kitu kimoja. Onyo hilo ni la msingi. Kwa hiyo hoja ya kuitika haichukuliwi hapa kama sifa ya Waafrika wote. Inapimwa kwa kuangalia mapokeo mahususi ya eneo la utafiti, na kama itakavyoonekana, mojawapo ya mapokeo hayo inaikataa.

3.0 Ngoma kabla ya Ukumbi wa Mtihani

3.1 Ngoma ya msiba Unyakyusa

Ushahidi wa maandishi ulio na maelezo mengi kuhusu ngoma za eneo hili unahusu mazishi. Godfrey Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe katika miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1939 maelezo marefu kuhusu desturi za mazishi za Wanyakyusa; Monica Wilson (1957) aliyaendeleza katika kitabu chake kuhusu matambiko ya ukoo. Katika maelezo hayo wanawake hulia kwa sauti, na wanaume hucheza kwa mshindo wa ngoma wakiwa na mikuki, kwa namna inayokumbusha vita. Kadiri saa zinavyosonga, hali hubadilika. Uchungu wa mwanzo hupisha uchangamfu, vijana hujionesha, na uhai hurudi taratibu palipokuwa na kifo.

Kwa mhakiki, jambo kuu katika maelezo haya ni kwamba mabadiliko hayo hayana saa iliyopangwa. Mpigaji hawezi kuamua kabla kwamba baada ya muda fulani huzuni itapungua. Anasikiliza kilio, anatazama miguu ya wachezaji, na anaufuata msiba unakokwenda. Akiharakisha, amewadharau wafiwa; akichelewa, amewaacha vijana bila njia ya kutokea. Ustadi wake wote uko katika kujua sasa ni saa ngapi ya msiba. Hakuna kifungu cha mapigo kinachoweza kuandikwa kwenye karatasi na kuubeba ujuzi huo.

3.2 Ligombo la Uhehe

Iringa inatupa mfano wa kinyume. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akirekodi muziki katika sehemu nyingi za Afrika, alimrekodi Pancras Mkwawa akipiga ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe ambayo nyuzi zake hutandazwa juu ya ubao uliochimbwa mithili ya kihori. Hapa fanani ni mmoja, anapiga na kuimba. Anaweza kuanza, kurefusha na kukatisha kwa hiari yake, na msikilizaji akapata utungo kamili.

Mfano huu una uzito katika mjadala wetu kwa sababu unabatilisha dai rahisi kwamba mtihani wa mtu mmoja ni wa kigeni na muziki wa wenyeji daima ni wa kikundi. Mpigaji ligombo anaweza kuketi mbele ya watahini peke yake na asipoteze kitu cha msingi cha sanaa yake. Tatizo la mtihani, basi, si upweke kwa jumla. Ni kutumia kipimo kinachomfaa mpigaji ligombo kumpimia mpigaji ngoma, kana kwamba kinachotofautisha sanaa hizo mbili ni nyuzi na ngozi tu.

3.3 Mashindano, kanisa na hukumu

Yapo pia madai kwamba kuhukumiwa hadharani ni jambo geni kwa ngoma. Historia haiyaungi mkono. Ranger (1975) ameonesha jinsi beni, iliyoanzia pwani mwishoni mwa karne ya 19, ilivyosambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ikiwa na vyeo, sare na ushindani mkali kati ya makundi. Katika ukanda wa Ziwa Nyasa mkondo huo unaonekana katika mganda na malipenga, na upande wa Kyela na Rungwe katika mapenenga. Watu wa eneo hili walikwishazoea kusimama safu kwa safu mbele ya macho yanayopima usafi wa nguo, unyoofu wa mstari na umoja wa hatua. Lakini kilichoshindana kilikuwa kikundi, na mpigaji ngoma aliyewatia wenzake makosani alilishinda kundi lake mwenyewe, hata kama mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya wote.

Kanisa liliongeza hukumu ya aina nyingine. Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kwa miaka mingi ngoma ilitazamwa na wamisionari wengi kama alama ya maisha yaliyopaswa kuachwa. Walikuwapo waliofikiri vingine; Franz Ferdinand Rietzsch, mmisionari wa Kimoraviani katika eneo hilo miaka ya 1930, alisisitiza kuwa muziki wa ibada ujengwe juu ya toni za wenyeji. Kwa upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa mwaka 1963 tamko kuhusu liturujia lililotambua thamani ya mapokeo ya muziki ya mataifa, na mwaka huohuo Padri Stephen Mbunga alichapisha utafiti wake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Leo ngoma husikika katika ibada nyingi, na kwa vijana wengi kwaya ndiyo shule yao ya kwanza ya upigaji. Shule hiyo hufundisha jambo moja mapema: ngoma ya kwaya ikimfunika mwimbaji, mwalimu hunyoosha mkono na mpigaji hushusha sauti. Huko nako, kuitika ndiko kunakotangulia.

4.0 Maandalizi ya Mtahiniwa

4.1 Kuchagua kipande

Tumchukulie mtahiniwa aliyezaliwa Rungwe, aliyejifunza kupiga ngoma misibani kwa kukaa karibu na wazee, kisha akaendelea katika kwaya, na sasa yuko mwaka wa mwisho katika chuo cha sanaa kilichoko pwani. Ametakiwa kuandaa onesho la dakika chache litakalokamilisha masomo yake. Uamuzi wake wa kwanza ndio mgumu kuliko yote: apige nini?

Anachokijua vizuri zaidi ni ngoma ya msiba. Hata hivyo, hakuna aliyekufa. Kuipiga ngoma hiyo ukumbini kwa ajili ya alama kuna swali la kimaadili ambalo hakuna kipengele cha mtihani kinacholiuliza, lakini yeye hawezi kulikwepa, kwa kuwa nyumbani kwao ngoma hiyo ikilia watu huuliza ni nani. Akiiacha, ataonesha kilicho cha pili kwa ubora wake. Akiipiga, atalazimika kuikata mwanzo na mwisho: bila kilio kinachoitangulia na bila kicheko kinachoifuata, huku katikati ikibaki sehemu yenye kasi na mbwembwe, ambayo ndiyo hadhira ya ukumbi itaipigia makofi. Anaweza pia kuchagua ngoma ya furaha ya eneo jingine aliyofundishwa chuoni, ambayo hana deni nayo. Wengi wanaokabiliwa na uchaguzi kama huu wana sababu nzuri za kuchukua njia hiyo ya tatu. Matokeo yake ni kwamba mapokeo yenye uzito mkubwa zaidi huwa ndiyo yasiyofika mtihanini.

4.2 Wenzake watatu

Ngoma yake inahitaji sauti zaidi ya moja. Ngoma kubwa inaweka msingi, ndogo inashikilia pigo lisilobadilika, na yake inazungumza juu ya hizo. Hivyo anaomba wanafunzi wenzake watatu wamsaidie. Mmoja anatoka Iringa na amezoea ngoma za kwaya. Wengine wawili hawajawahi kufika Nyanda za Juu Kusini. Kwa wiki za mwanzo anawafundisha. Anawapigia kwa mdomo kila pigo, anawashika mikono, anawarekebisha namna ya kulegeza kifundo.

Kazi hii ni kubwa kuliko ile itakayooneshwa jukwaani. Kumfundisha mtu aliyelelewa katika mapigo mengine jinsi ya kusubiri kunamlazimu mtahiniwa autambue ujuzi ambao hadi hapo alikuwa nao bila kuujua. Anagundua, kwa mfano, kwamba mwenzake wa ngoma ndogo anapiga kwa usahihi lakini bado ngoma haiendi, kwa sababu anahesabu badala ya kusikiliza. Pigo linaangukia mahali pake kwa hesabu, lakini halimjibu mtu. Dawa yake si kuongeza mazoezi ya kuhesabu. Mtahiniwa anamwomba mwenzake aache kutazama mikono yake na atazame miguu ya mchezaji. Siku pigo linapokaa, wote wanne wanajua bila kuambiwa.

Haya yote hufanyika nje ya macho ya watahini. Siku ya onesho wale watatu watakuwa wasindikizaji, neno ambalo lenyewe limekwishatoa hukumu. Hawatapata alama. Wakipiga vizuri, sifa itakwenda kwa mtahiniwa. Wakiyumba, yeye ataonekana ameyumba. Ajabu ni kwamba hukumu hii ya pili ina ukweli fulani ndani yake, maana kikundi kuyumba ni dalili kwamba kiongozi hakuwasikia mapema. Lakini ukweli huo huingia mtihanini kwa bahati, wala si kwa kigezo kilichoandikwa.

4.3 Ngozi na moto

Ngozi hunyonya unyevu na kulegea, na ikilegea sauti hushuka. Wapigaji wa Tukuyu, mji ambao hupata mvua ya zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Moto wa kukaza ngozi ni sehemu ya ngoma kama ilivyo fimbo ya kupigia. Ngoma hupashwa, hupigwa, hurudishwa motoni. Mapumziko hayo yana kazi yake pia, kwani ndipo wachezaji wanapopumua, wimbo mpya unapochaguliwa na habari zinapopashanwa.

Pwani nako kuna unyevu, na ukumbi wa chuo hauna moto. Mtahiniwa anaipasha ngoma yake nje, anaikimbiza ndani, na kusubiri zamu yake akiwa amekaa nayo magotini. Ratiba ikichelewa kwa nusu saa, sauti aliyoiandaa kwa miezi inaweza kuwa imeshuka kabla hajaitwa. Mpiga piano anayefanya mtihani siku hiyohiyo anakuta ala yake imewekwa tayari, na ikiwa imeharibika mtu atatafutwa kuirekebisha. Tofauti hii haitokani na dharau ya yeyote. Inatokana na utaratibu uliobuniwa kwa ala ambazo hazihitaji moto, na ambao haujawahi kuulizwa upya tangu ngoma ilipopokewa chuoni.

5.0 Karatasi ya Alama

Vigezo vinavyozoeleka katika upimaji wa muziki kwa vitendo ni umahiri wa mbinu, usahihi wa mapigo, uthabiti wa kasi, ubunifu na haiba ya jukwaani. Hakuna kimoja kati ya hivi kilicho kibaya. Tukivisoma kwa jicho la kihakiki, hata hivyo, tunaona kuwa vyote vinaweza kujazwa na mtahini aliyeziba masikio yake asimsikie mtu mwingine yeyote jukwaani. Vyote vinahusu kusema.

Tuangalie uthabiti wa kasi. Katika kipande cha mpigaji mmoja, kasi isiyoyumba ni sifa. Katika ngoma iliyoelezwa katika sehemu ya 3.1, kasi isiyoyumba inaweza kuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu inaonesha kwamba mpigaji hakuona kuwa watu wamebadilika. Kigezo kilekile humpa alama nyingi mpigaji asiyesikiliza. Vivyo hivyo kwa ubunifu. Mtahini hutafuta pambo jipya, kifungu kisichotarajiwa. Mtahiniwa, akilijua hilo, hujaza kila nafasi. Nafasi alizofundishwa na wazee kuziacha sasa huonekana kama mahali alipokosa la kufanya.

Hali hii haiko Tanzania pekee. Nchini Kenya, Tamasha la Muziki la Kenya lililoanza mwaka 1927 limewapa wanafunzi wa vizazi vingi fursa ya kutenda muziki wa jamii zao mbele ya waamuzi, na mchango wake katika kuuhifadhi ni mkubwa. Pamoja na hayo, popote muziki wa jamii unapotendwa kwa dakika zilizohesabiwa na kwa karatasi ya alama, mtendaji hujifunza kuiandalia karatasi hiyo. Kigezo huwa mtunzi mwenza. Kwa mantiki hiyo, anayeandika vigezo vya mtihani wa ngoma anatunga ngoma za kesho, apende asipende.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni la watetezi wa mapokeo. Watasema kwamba ngoma ikishaondolewa msibani au shambani imekufa, na kwamba kuboresha mtihani ni kumpaka marehemu mafuta. Makala hii haikubaliani nao. Kwa mujibu wa mkabala wa tukio tulioutumia, onesho la mwisho ni tukio kamili. Lina hadhira, mahali, wakati, na jambo zito linaloamuliwa, kwani maisha ya kijana mmoja na matumaini ya waliomsomesha yanategemea dakika hizo. Kuliita la bandia ni kukataa kuona hofu iliyomo ukumbini. Zaidi ya hayo, sehemu ya 3.3 imeonesha kuwa ngoma za eneo hili zimekwishapita katika vita, mashindano na ibada, na kila mara zikapata sura mpya. Hakuna sababu ya kuamini kwamba chuo ndicho kitakachoshindikana.

Pingamizi la pili ni la watahini, na lina nguvu zaidi. Watauliza: kuitika kutapimwaje kwa haki? Mbinu inaonekana na kasi inahesabika, lakini usikivu uko ndani ya mtu. Aidha, mtahiniwa aliyepata wasindikizaji dhaifu ataadhibiwa kwa udhaifu wa wengine. Jibu la sehemu ya kwanza ni kwamba kuitika huonekana panapotokea mabadiliko. Mwimbaji akirefusha mstari bila kutangaza, muda ambao mpigaji anauchukua kumfuata, na namna anavyowavuta wenzake wamfuate, ni jambo ambalo watahini wawili wanaweza kuliona na kulijadili kama wanavyojadili ubora wa mbinu. Kuhusu sehemu ya pili, haki haipatikani kwa kujifanya kwamba wasindikizaji hawapo. Wapo, wanasikika, na tayari wanaathiri alama. Kuwaweka ndani ya vigezo ni kuiweka wazi athari ambayo sasa inafanya kazi gizani.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonesha kuwa Mbeya na Iringa zina mapokeo ya fanani mmoja na ya wengi, ya hukumu ya kikundi na ya utumishi kwa waimbaji, na kwamba onesho la mwisho la mwanafunzi hupima vizuri yale ya kwanza na hupotosha mengine. Upotoshaji huo huanzia katika maandalizi: katika kipande kinachoachwa, katika kazi ya ufundishaji isiyoonwa, katika ngozi iliyolegea wakati wa kusubiri zamu. Gharama yake humwangukia zaidi mwanafunzi aliyefika chuoni akiwa na ujuzi mwingi, kwa kuwa ndiye mwenye mengi ya kuacha mlangoni.

Yanapendekezwa mambo manne. Mosi, watahini wahudhurie angalau zoezi moja kabla ya onesho, ili kazi ya mtahiniwa ya kuwaandaa wenzake ihesabiwe. Pili, katika onesho mwimbaji au mchezaji apewe ruhusa ya kubadili jambo moja ambalo mtahiniwa hajalijua, na mwitiko wake uwe kigezo chenye uzito sawa na mbinu. Tatu, mahali pa kupashia ngoma pawe sehemu ya maandalizi ya ukumbi, na ratiba iheshimu muda wa ngozi. Nne, mtahiniwa aeleze kwa mdomo mbele ya watahini ngoma hiyo hupigwa lini, nani alimfundisha, na ni sehemu ipi ameona haifai kuipiga hapo. Jibu la swali la mwisho linaweza kuwaonesha watahini kina cha ujuzi wake kuliko kifungu chochote atakachokipiga.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna wazee wa Rungwe, Kyela, Kilolo na Iringa Vijijini wanavyomtambua mpigaji aliyekomaa, na kwa maneno gani wanamsifu au kumkosoa. Msamiati huo wa uhakiki upo katika lugha zao, na huenda ukawa ndio chanzo bora cha vigezo tunavyovihitaji. Hadi utakapokusanywa, watahini wanaweza kuanza na swali moja la kujiuliza kila mtahiniwa anapomaliza: alipopiga, alikuwa akimjibu nani?